Kutoka Kaseti Hadi Spika Sita

Nyimbo zetu za kwanza zilirekodiwa kwenye kaseti, chombo kilichozinduliwa na Philips mwaka 1963. Baadaye tulizinakili kwenye kompyuta kwa RealAudio, mtindo ulioanza 1995. Leo simu nyingi hazifungui faili hizo. Kwa jubilii hii tulitaka kuzigeuza kuwa Dolby Digital, mfumo ulioingia sinemani 1992: spika tano na moja ya besi. Vifaa vingi vya nyumbani huucheza. Lakini RealAudio hupunguza sauti ili faili iwe ndogo, na kilichopunguzwa hakirudi hata ukiongeza spika. Basi tukaanza upya kwa kaseti zenyewe. Humo zimo sauti za wenzetu waliolala. Kaseti hizo tusizitupe kamwe.