Kakao ya Beni na Baridi ya Goma

Sisi wa Goma hatuna majira ya baridi kama Ulaya, lakini baridi twaijua. Mji wetu upo karibu mita 1,500 juu ya bahari, kati ya ziwa Kivu na mlima Nyiragongo, na siku za mvua, jua likiisha kutua, kila mtu hutafuta sweta na kitu cha moto cha kunywa. Wengi hunywa chai au uji. Wenye nafasi hununua kopo la unga wa kakao dukani, wakauchanganya na maziwa na sukari.

Kopo lile limetoka mbali, ng’ambo ya bahari. Lakini mti wa kakao waota katika mkoa wetu huu huu, huko Beni, kilomita 350 hivi kaskazini ya Goma. Tena wako wakulima wengi wanaoutunza mti huo miaka na miaka, wala hawajaonja kikombe kimoja cha kinywaji chake. Imekuwaje? Ndugu msomaji, tufuate habari za mbegu hii tangu mwanzo, kisha tuone kama haiwezi kufika mezani petu kwa njia fupi zaidi.

Fedha iliyonywewa

Mti wa kakao asili yake ni misitu ya joto ya Amerika ya Kusini. Wataalamu waliochimba mabaki ya kale katika nchi ya Ekuado wamekuta alama za kakao zenye umri wa miaka 5,000 na zaidi. Baadaye Wamaya na Waazteki, wenyeji wa Mexico na nchi jirani, waliiheshimu mno. Walikaanga mbegu, wakazisaga juu ya jiwe, wakakoroga unga wake katika maji pamoja na pilipili, na mara nyingine unga wa mahindi. Halafu walimimina kutoka chombo kimoja cha juu mpaka kingine cha chini, hata povu likajaa. Sukari hawakuwa nayo. Kinywaji kilikuwa kichungu, nacho kilikuwa hasa cha wafalme, wakubwa na mashujaa wa vita.

Mbegu zenyewe zilikuwa fedha ya sokoni. Katika orodha ya bei iliyoandikwa Tlaxcala, nchini Mexico, mwaka 1545, bata mzinga jike mzuri alikuwa na thamani ya mbegu 100, na parachichi moja mbegu 3. Basi mtu aliyekunywa kakao alikuwa kama anayekunywa fedha zake. Watu wadogo walioilima waliitoa kuwa kodi.

Je, chavunja mfungo?

Wahispania walipoiteka Mexico mwaka 1521 waliikuta kakao, wakaichukua. Yasimuliwa kwamba mwaka 1544 mapadre Wadominiko waliwafikisha wakuu wa Wamaya mbele ya mwana wa mfalme, Filipo, na katika zawadi zao mlikuwa na kakao iliyotayarishwa. Wahispania wakaitia sukari na mdalasini, wakainywa ya moto, nayo ikaenea Italia, Ufaransa na nchi nyingine.

Hapo likatokea swali lililowasumbua Wakristo miaka mingi: mtu anayefunga katika Kwaresima aweza kunywa chokoleti? Wengine walisema ni chakula, maana ina mafuta na hushibisha. Wengine walisema ni kinywaji tu. Mwaka 1636 mwanasheria Antonio de León Pinelo alichapisha Madrid kitabu kizima juu ya swali hilo. Katika miaka ya 1660 Kardinali Francesco Maria Brancaccio naye aliandika kule Roma kwamba chokoleti, ikiwa ya kunywa, haivunji mfungo, kama vile divai nayo hulisha mwili lakini yahesabiwa kinywaji.

Wenye elimu walibishana sana juu ya kikombe, lakini ni wachache waliouliza juu ya mkono uliolima. Maana wakati huo huo Waafrika waliouzwa utumwani walikuwa wakilima kakao katika mashamba ya Venezuela. Punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Mashine ya Mholanzi

Mbegu ya kakao ina mafuta mengi, karibu nusu ya uzito wake. Ndiyo sababu chokoleti ya zamani ilikuwa nzito, na mafuta yalielea juu ya kikombe. Mwaka 1828 jamaa ya van Houten, wa Amsterdam, walipewa haki ya mashine ya kukamua mafuta hayo. Kilichobaki kilisagwa kikawa unga mwepesi, unaochanganyika upesi na maziwa ya moto. Huo ndio unga wa makopo yetu ya leo. Mafuta yaliyokamuliwa nayo hayakutupwa: mwaka 1847 kiwanda cha Fry, Uingereza, kiliyachanganya na kakao na sukari, kikapata chokoleti ngumu ya kutafuna. Tangu hapo bei ilianza kushuka, na kinywaji cha wafalme kikafika mezani pa fundi na mfanyakazi wa Ulaya.

Jasho la Afrika

Viwanda vilipokua, vilitaka mbegu nyingi. Wareno waliupanda mti huu Principe na Sao Tome katika karne ya 19. Huko walichukua watu kutoka Angola, wakaandika kwamba ni vibarua wa mkataba. Kwa kweli wengi hawakurudi kwao kamwe. Habari zilipojulikana wazi, viwanda vikubwa vya Uingereza, kama Cadbury, viliacha kununua kakao ya visiwa hivyo mwaka 1909.

Lakini iko habari nyingine ya kutia moyo. Tetteh Quarshie, mhunzi Mwafrika wa Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo, alirudi kutoka kisiwa cha Fernando Po na mbegu zake, akazipanda Mampong mwaka 1879. Jirani zake wakamfuata. Wakulima wadogo, kila mtu na shamba lake, wakaifanya nchi yao kuwa ya kwanza duniani kwa kakao katika karne ya 20.

Kwetu Kongo kakao ilianza upande wa magharibi, katika misitu ya Mayumbe. Beni ilijulikana zaidi kwa kahawa. Ugonjwa wa kukausha mibuni ulipoharibu mashamba, wakulima wengi waligeukia kakao, hasa tangu miaka ya 2000. Mti huu wapenda joto na mvua, nao umekubali vizuri bonde la Semliki. Karibu na hapo, Mutwanga, chini ya barafu ya Ruwenzori, kilijengwa kiwanda kidogo cha chokoleti chenye kutumia umeme wa maji.

Lakini tangu Oktoba 2014 mauaji yameliandama eneo la Beni. Wakulima wameuawa shambani wakivuna, wengine wamekimbia wakiacha matunda mtini, na mbegu zao zimeibwa zikavushwa mpaka. Tena bei yatoka mbali: mwaka 2024 tani moja ilipita dola 10,000 katika masoko ya dunia, na mwaka 2025 ikaporomoka tena. Asiye na habari ya bei hupokea lolote analopewa.

Namna ya kuitengeneza nyumbani

Basi tusingoje kopo. Mwenye kinu, kikaango na mbabula ya makala aweza kunywa kakao ya Beni. Chagua mbegu zilizovundikwa siku 5 hadi 7 chini ya majani ya migomba, kisha zikaanikwa juani mpaka zikauke kabisa. Zisizovundikwa hazitoi harufu ya chokoleti. Zikaange kwa moto mdogo dakika 20 au 25, ukizigeuza daima, mpaka maganda yapasuke. Menya, pepeta kwa ungo, kisha twanga katika kinu kilichopashwa moto. Kwanza utaona unga. Endelea bila kuchoka, nao utalainika na kutoa mafuta kama karanga zilizosagwa. Finyanga vidonge, uviache vigande.

Kwa namna ya Waazteki, chemsha kijiko kimoja cha kakao hiyo katika kikombe cha maji, tia tangawizi au pilipili kidogo, ukimimine mara nyingi kutoka kikombe hata kikombe mpaka povu litoke. Kwa namna ya Wahispania, tumia maziwa yaliyochemshwa, hata ya Masisi, pamoja na sukari na mdalasini. Kwa watoto, ikoroge katika uji mwepesi wa mahindi. Watu wa Mexico hufanya hivyo hata leo. Na ikiwa una unga wa kopo, uchanganye kwanza na sukari na maji baridi kidogo mpaka ulainike, ndipo umimine maziwa ya moto, usije ukapata mabonge.

Mtume Paulo alimwambia Timoteo ya kuwa mkulima mwenye taabu astahili kuwa wa kwanza kupata sehemu ya mavuno. Kwa mkulima wa kakao mpango huu umegeuzwa kwa karne nyingi. Anayeionja kakao yake hujifunza kutofautisha mbegu njema na mbovu, na mwenye kujua ubora wa mali yake hadanganywi upesi mbele ya mizani. Nasi tunaonunua mjini Goma, tukiinunua kwa jirani zetu wa Beni, tuulize imetoka kwa nani, tena tusimpunje.