Herufi Zilizoachwa Nje: Kichaga kutoka Taipureta hadi Kompyuta

Katika semina zetu za fasihi kuna swali lisilokosa kuulizwa kila mwaka: mbona Wachaga, waliowahi shule mapema vile, hawana fasihi andishi ya kutajika kwa lugha yao? Majibu nayo ni yale yale. Wapo wanaosema Mchaga alikimbilia kahawa na duka, fasihi akaiacha mgombani. Wapo wanaosema Kiswahili kilimeza kila kitu. La kwanza silikubali hata kidogo. La pili nalikubali nusu. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba lipo jambo la tatu tunalolipita bila kulitazama, nalo ni herufi zenyewe na mashine za kuziandikia.

Tuanze na historia. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Walitoka nchi ambako Lepsius alikuwa ametoa alfabeti yake sanifu tangu 1855, yenye msimamo kwamba kila sauti ipate herufi yake, na herufi isipotosha, ipachikwe alama juu au chini. Mwaka 1909 Johannes Raum alichapisha sarufi ya Kichaga cha Moshi. Baadaye Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi miaka mingi, alitoa juzuu tatu za Die Stammeslehren der Dschagga huko Munich, kati ya 1932 na 1938. Humo mna mafundisho waliyopewa vijana wa Kichaga, kwa Kichaga chenyewe na kwa Kijerumani. Kwa hiyo anayedai Kichaga hakijawahi kuandikwa na akapekue juzuu hizo kwanza. Swali la maana ni jingine: zilichapwa wapi, na nani alizisoma?

Hebu tazama majina tu. Mjerumani aliandika Dschagga, Moschi, Kilimandscharo. Waingereza walipoutwaa mji mwezi Machi 1916, tukapata Chagga, Moshi, Kilimanjaro. Sauti ilibaki ile ile. Aliyebadilika ni mtawala. Tahajia, ndugu msomaji, inatuonyesha pia nani ameshika kalamu.

Kiswahili kilikuwa na bahati yake. Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, nayo haikuwa na p wala ch, ikabidi waandishi watafute mbinu. Edward Steere alipotoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, alitumia herufi za Kirumi tupu, zisizo na alama. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Wakati huo huo taasisi ya lugha na tamaduni za Kiafrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilikuwa ikipigia debe herufi kama ŋ, ɛ na ɔ. Kiewe cha Ghana na Togo kinazo hadi leo. Kiswahili kikabaki na ng' yake, herufi mbili na ritifaa, vitu ambavyo kila taipureta ilikuwa navyo.

Matokeo yake yalionekana baadaye. Wamarekani walipopanga msimbo wa ASCII mwaka 1963, wenye nafasi 128 tu, walikuwa wakifikiria Kiingereza. Kiswahili kikaingia humo bila kupiga hodi. Kichaga kikaachwa nje.

Kwa nini kiachwe? Kwa sababu Kichaga ni lugha ya toni. Chukua neno la Kivunjo lililopata sifa duniani baada ya Steven Pinker kulitia katika kitabu chake cha 1994: Näïkìmlyìïà, yaani anamlia kitu hicho. Lina viungo vinane: cha mkazo, cha mtenda, cha wakati, cha kitu kinacholiwa, cha anayeliwa, kisha mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Kiswahili sanifu hakibebi viambishi viwili vya yambwa katika kitenzi kimoja, Kivunjo kinabeba. Lakini zile alama juu ya vokali, jamani, si mapambo. Ukizifuta umebakiza mifupa.

Kwenye kompyuta ya leo neno hilo linachapika. Ukibonyeza Alt na 0228 katika Windows utapata ä. 0239 utapata ï. 0236 ni ì. Zipo kwa sababu Mjerumani, Mfaransa na Mtaliano walizihitaji. Ugumu unaanza pale Mvunjo anapotaka m̀kà, yaani mke. Hiyo m yenye toni ya chini haikupewa nafasi yake hata katika Unicode iliyotoka 1991. Lazima uandike m, kisha 0300, kisha Alt na X katika Word, alama ipande juu. Fonti ikiwa dhaifu, alama inaelea hewani. Hata simu ina ubaguzi: ujumbe mfupi wa herufi 160, ukitia ï moja tu, nafasi zinashuka hadi 70. Lugha ya bibi inalipiwa zaidi.

Nilipopeleka hadithi niliyoirekodi kwa bibi yangu Vunjo kwenye steshenari moja mjini Moshi, ilirudi safi, haina hata nukta. Mchapaji aliniambia alidhani ni uchafu wa fotokopi.

Najua nitapingwa. Mtasema watu wanaandikiana Kichaga kila siku bila alama na wanaelewana. Kweli, kwa salamu na habari za msiba inatosha, maana msomaji anajua kilichokusudiwa. Ushairi hauna huruma hiyo. Mhakiki atapimaje mapigo ya ubeti ambao toni zake zimefutwa? Mtasema pia kwamba Kimachame, Kivunjo na Kirombo havijapatana, na kwamba shule zilifundisha kwa Kiswahili. Hayo nayakubali. Petro Itosi Marealle alipotaka kueleza maisha ya Mchagga mwaka 1947, aliandika kwa Kiswahili, na wasomaji aliwapata. Herufi peke yake haikuua fasihi ya Kichaga, ila ilimwongezea mwandishi mzigo ambao mwenzake wa Kiswahili hakuubeba.

Basi tuache kuuliza kwa nini Wachaga hawakuandika, kabla hatujauliza waliandikie nini. Na sisi wanafunzi tunaokusanya masimulizi vijijini, tusikubali kukabidhi kazi iliyofutwa toni kwa sababu kibodi imegoma. Mwalimu akipokea hadithi ya Kivunjo isiyo na alama, airudishe, kama anavyorudisha insha ya Kiswahili iliyoandika ngombe bila ritifaa.