Remmy Ongala na Njia ya Tunduma

Mji wa Tunduma, ambako hatua chache tu humtoa mtu Tanzania zikamtia Nakonde katika ardhi ya Zambia, haukupata kuwa makao ya bendi mashuhuri, wala hautajwi aghalabu katika tarehe ya muziki wa dansi. Walakini atakaye kumpima kwa insafu marehemu Remmy Ongala, aliyefariki dunia Sinza, Dar es Salaam, tarehe 13 Desemba 2010, na ambaye tangu siku hiyo mashabiki wake hawajaacha kumjadili, hana budi kufika huku. Wimbo wake uliozusha ghasia kuliko zote ulihusu maradhi, na maradhi hayo yalikuwa msafiri wa barabara hii.

Riziki ya Tunduma ni njia. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, na mlango wa kusini wa Zambia kuwa wa mashaka, shehena za nchi hiyo ziligeuzwa zielekee bandari ya Dar es Salaam: bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, barabara kuu ikatiwa lami, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hata New Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa serikali mbili mwaka 1976. Malori yaliyongoja karatasi za forodha yalipanga foleni siku kadha wa kadha, na foleni ikazaa mji wa gesti, mama lishe, vilabu vya pombe na wabadilishaji wa kwacha. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kimeipunguza subira hiyo, ingawa hakuna utingo atakayekuambia kuwa kimeimaliza. Zama za Remmy mji huu ulihesabiwa kuwa wa Mbeya, maadam Mkoa wa Songwe, wenye makao yake Vwawa, uliundwa mwaka 2016.

Ramadhani Mtoro Ongala, kwani ndilo jina alilopewa, alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, mashariki ya Kongo, akiwa na meno mawili tayari kinywani, kama alivyopenda kusimulia mwenyewe. Na kwa kuwa mganga ndiye aliyemwelekeza mama yake, aliyekwisha kufiwa na watoto, jinsi ya kumzaa na kumlea bila ya kumnyoa nywele, jina la Dokta likamganda. Mwaka 1978 aliletwa Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, kisha akahamia Matimila, iliyokuja kuitwa Super Matimila. Yafaa msomaji kijana aelewe kwamba bendi kubwa za wakati ule zilikuwa na walezi: NUTA Jazz ililelewa na chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz na Umoja wa Vijana, Mlimani Park na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na askari nao walikuwa na bendi zao. Matimila haikuwa mwana wa chama wala wa shirika la umma. Mwanamuziki wa namna hiyo hana pensheni, lakini pia hana bosi wa kumwita ofisini Jumatatu asubuhi kumwuliza alichoimba Jumamosi usiku, na katika upenyo huo Remmy aliimba habari za wanyonge, umaskini na mauti kwa ulimi usiotafuta sitara. Ulaya walimjua kwa jukwaa la tamasha la WOMAD, na kwa santuri ya Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 na Mambo ya mwaka 1992, zilizotolewa na Real World. Wao walisikia magitaa, sisi tulisikia maneno.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka ya tisini ilipoanza, Remmy alikuwa na wimbo wa Mambo kwa Soksi, akiwahimiza wanaume kuvaa kondomu, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga, wakati ambapo Bara haikuwa na redio nyingine ya kushindana nayo. Lakini kaseti haikuomba idhini. Kaseti ilinakiliwa kwa redio yenye milango miwili, mmoja ukicheza na mwingine ukinasa, na jina la wimbo likaandikwa kwa kalamu juu ya jina jingine lililokwisha kukatwa. Utepe ukilegea, mtu alichomeka kalamu ya Bic katika tundu lenye meno akazungusha hata ukakaza. Na nakala ya nakala ikavuma besi tu, sauti ya mwimbaji ikisikika kama yuko nyuma ya ukuta. Mwimbaji hakupata hata senti moja katika biashara hiyo, na sheria ya hakimiliki tuliyo nayo ilikuja mwaka 1999.

Na watu walicheka. Mitaani herufi za AIDS zilikwisha kufasiriwa kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi, na penye mzaha wa jinsi hiyo wimbo wa soksi ulichukuliwa na wengi kuwa kichekesho, na wenye staha wakauita matusi. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Rais Kaunda alikwisha kutangaza hadharani mwaka 1987 kwamba mwanawe Masuzyo aliuawa na maradhi hayo. Kiongozi wa nchi aliweza kulitamka jambo hilo mbele ya ulimwengu, sembuse mpiga gitaa. Zambia hiyo hiyo, ambayo ujana wake wa miaka ya sabini ulipiga rock ya magitaa makali, iliona bendi ya WITCH ikipukutika, wengi wao kwa ugonjwa huo huo, akabaki mwimbaji Emmanuel Chanda, aitwaye Jagari, azungushwe Ulaya uzeeni na vijana waliozigundua santuri zake baada ya miongo minne.

Kwa Remmy aliyetoweka ni mwimbaji, na ubishi umeachiwa wasikilizaji. Baada ya kupatwa na kiharusi aligeukia nyimbo za Injili, na kwa sababu hiyo wapo wanaosema kuwa Remmy wa kweli ni yule wa mwisho aliyetubu, na wapo wanaodai kuwa yule wa mwisho alikuwa mgonjwa asiyepaswa kuhesabiwa. Mimi siafiki upande wowote. Mtu aliyetunga Kifo, akilalamikia ukatili wa mauti, hakuhitaji kusafiri mbali kufika kanisani. Linalonikera ni uteuzi: katika sifa za marehemu, Kipenda Roho hutajwa, Kifo hutajwa, na Mambo kwa Soksi huachwa kando kana kwamba ni ulevi wa usiku mmoja, ilhali ndio wimbo pekee kati ya hizo ambao dereva aliyelala siku nne katika foleni ya Tunduma angeweza kuutumia usiku ule ule. Wanaomtakasa kwa kuuficha wanairudia hukumu ya redio, na safari hii mhukumiwa hawezi kupanda jukwaani kuijibu.