Mnururisho wa kale waipima nadharia ya mfumko wa ulimwengu

MFUMKO wa ulimwengu ni nadharia iliyopendekezwa mwaka 1981 na mwanafizikia Alan Guth wa Marekani. Inadai kwamba ulimwengu ulitanuka kwa kasi isiyo kifani katika sehemu ndogo mno ya sekunde yake ya kwanza.

Shahidi wake mkuu ni mnururisho hafifu ulioenea angani kote. Ulianza safari ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, na ukagunduliwa mwaka 1965. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa na Ulaya mwaka 2009, ilipima tofauti za joto lake, zilizo takriban sehemu moja kwa 100,000. Mpangilio wake uliafikiana na utabiri wa nadharia.

Hata hivyo, mfumko ungezua pia mawimbi ya graviti, nayo yangeacha alama ya mizunguko katika mnururisho huo. Machi 2014, watafiti wa darubini ya BICEP2 katika Ncha ya Kusini walitangaza kwamba wameiona alama hiyo. Furaha haikudumu. Mwaka 2015, uchambuzi wa pamoja na kundi la Planck ulibaini kuwa vumbi la galaksi yetu lilikuwa limewapotosha.

Vipimo vya 2021 kutoka huko huko Nchani vilionyesha kuwa nguvu ya mawimbi hayo, kama yapo, haizidi asilimia 3.6 ya ile ya mitikisiko iliyozaa galaksi. Miundo kadhaa sahili ya nadharia ikaanguka. Mfumko wenyewe ungali unasubiri hukumu.