Kaljo Põllu na Asili ya Waestonia

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Na kazi ya Kaljo Põllu, mchapaji wa picha, ni ushahidi wa neno hilo. Alizaliwa mwaka 1934 katika kisiwa cha Hiiumaa, Estonia. Nchi yake ikiwa chini ya utawala wa Kisovieti, alianza kwa kufuata sanaa mpya ya Magharibi, na mwaka 1967 akaanzisha kundi la Visarid mjini Tartu. Walakini hakutosheka. Aliyarudia masimulizi ya wazee wake, na ya mataifa madogo yaliyo ndugu wa Waestonia kwa lugha, na kati ya 1973 na 1975 akatoa picha 25 ziitwazo Kodalased. Mojawapo ni Mashua ya Jua: chombo cha watu wa pwani kimepewa mzigo wa mbinguni.

Njia yake ilitaka subira. Bamba la shaba hukwaruzwa lote, hata likichapwa litoe weusi mtupu. Kisha hulainishwa kidogo kidogo, na kila palipolainishwa hutokea nuru. Ndivyo mambo ya kale yalivyotolewa gizani.

Tangu 1978 aliwaongoza wanafunzi wake kwenda kwa ndugu hao, wakachora majumba na vyombo vyao visije vikapotea bila kumbukumbu. Põllu alifariki mwaka 2010, miaka 19 baada ya Estonia kurudishiwa uhuru wake.