Watumwa Waliobaki Vijijini

Kumbukumbu za utumwa Tanzania Bara zimeandama barabara ya misafara. Orodha ya awali iliyofikishwa UNESCO mwaka 2006 inataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwa mtu wa Ipililo, wilayani Maswa, hata Kwihara iko mbali kusini, Tabora, na makumbusho yake yanabeba jina la mmisionari na mvumbuzi David Livingstone. Ujiji nako mnara unaadhimisha siku Livingstone alipokutana na mwandishi Henry Stanley mwaka 1871. Mgeni aliyewaona watumwa amejengewa, watumwa wenyewe bado. Afadhali Mkunazini, Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873: pale mchongaji Clara Sörnäs aliwachonga mwaka 1998, wamo shimoni na mnyororo shingoni, ingawa hawana majina wala kwao.

Atatokea wa kusema kwamba hayo hayaihusu Ipililo, kwani Wasukuma wa huko walishuka pwani wakiwa wapagazi huru, wakilipwa ujira. Ni kweli, na ni heshima yao. Lakini upagazi haukuwa nje ya biashara ile. Stanley alipofika Kageyi, ukingoni mwa Ziwa Victoria, mwaka 1875, alimkuta Sungoro Tarib, mfanyabiashara Mswahili, amekwisha kujenga. Pwani ilikuwa imeshafika Usukuma. Kwa jirani zao Wanyamwezi, sehemu ya mali iliyotokana na pembe za ndovu ilinunua watumwa wa kulima wakati vijana wako safarini. Watumwa wa namna hiyo hawakupita Mkunazini wala kupanda jahazi. Walipewa jembe, wengine wakaolewa, wakazaa, wakazikwa bara. Kumbukumbu inayofuata njia ya kwenda baharini peke yake haiwezi kuwapata. Watapatikana vijijini, Ipililo ikiwa mojawapo ya mahali pa kuulizia.

Wala si habari za kale mno. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Amri yao ya 1904 iliwaachia huru watoto waliozaliwa baada ya mwisho wa 1905 tu, na sheria ya kuufuta kabisa ilisubiri Waingereza mwaka 1922. Wapo wazee wa leo waliolelewa na watu waliozaliwa kabla ya mwaka huo.

Pingamizi zito zaidi ni la aibu: nani atataka jirani ajue kwamba bibi yake alinunuliwa? Hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, kimya hakimsitiri mjukuu wa mtumwa pekee, kinamsitiri pia mjukuu wa aliyemnunua, na huyu wa pili hujadiliwa mara chache. Kwa hiyo, kijiji kikijenga mnara wake, jina la mtu liandikwe kwa ridhaa ya ukoo wake tu, na pasipo ridhaa liandikwe tendo lenyewe. Kiwanja cha mnara hakihitaji kungoja wizara: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji sauti ya kuidhinisha. Kazi ngumu ni ile ya kuwasikiliza wazee kabla hata jiwe halijachongwa.