Nyumba za Kahawa na Mikopo Iliyotupita



Kwenye harambee ya mwaka jana mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayehesabu fedha za watu huko mjini, niambie. Serikali inasaidia watu kukopa nyumba tangu enzi za Mwalimu. Mbona huku kwetu mikopo hiyo hatuijui?" Siku hiyo nilimjibu kwa kifupi, maana chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Jibu kamili ni hili.

Serikali ilianza mapema. Mwaka 1972 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Benki ya Nyumba Tanzania, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa herufi zake, THB. Ilianza kazi mwaka 1973. Miaka michache baadaye ukaanzishwa mfuko wa nyumba wa wafanyakazi na wakulima, uliopata fedha kutokana na tozo ya mishahara iliyolipwa na waajiri. Kwa jina lake, mfuko ule ulimhusu mkulima wa Mbinga sawasawa na karani wa Dar es Salaam.

Lakini karani alikuwa na vitu viwili ambavyo baba zetu hawakuwa navyo: mshahara wa kila mwezi na kiwanja kilichopimwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mikopo ilibaki mijini. Hata huko mijini wengi hawakurejesha. Waliona fedha ya serikali ni ya wote, na cha wote hakina mwenyewe. Madeni yasiyolipika yakaidhoofisha benki, na mwaka 1995 THB ikafungwa.

Je, wazee wetu walikaa wakisubiri? Hapana. Waliendelea kuchimba ngoro milimani, wakapata chakula, na kahawa ikawapa fedha. Msimu mmoja unafyatua na kuchoma tofali. Msimu wa pili unapandisha kuta. Bei ikiwa nzuri unanunua bati. Ikianguka, kuta zinanyeshewa mwaka mzima. Nyumba niliyozaliwa ilichukua misimu mingi. Baba hakudaiwa na mtu, lakini chumba cha mwisho kilipata mlango mimi nikiwa tayari nasoma sekondari. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, na kila mara bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya hapo, ujenzi milimani kwetu ulisimama. Ukipita vijijini unaweza kuisoma historia ya kahawa kwenye kuta: pale rangi ya tofali inapobadilika, ndipo fedha ilipokatika.

Serikali ilirudi tena kwenye jambo hili. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria mpya ya mikopo ya rehani za nyumba. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanunuzi na wajenzi kwa miaka mingi. Benki Kuu nayo ikapewa mfuko wa mikopo midogo ya nyumba, kwa ajili ya watu wanaojenga kidogo kidogo kama sisi.

Mbona basi bado tuko nje? Tupige hesabu. Mkopo wa shilingi milioni 10, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ukilipwa kwa miaka 5, unadai karibu shilingi 238,000 kila mwezi. Kahawa huvunwa mara moja kwa mwaka. Mwezi Februari mkulima atazitoa wapi? Marejesho yanayofuata msimu wa mavuno ni jambo la kudai kwa wakopeshaji, na tukienda kama kikundi tutasikilizwa kuliko mmoja mmoja.

La pili ni dhamana. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda benki nikitaka kukopa kwa ajili ya nyumba ya wazazi. Afisa alinisikiliza vizuri, kisha akauliza: "Hati iko wapi?" Sikuwa nayo. Shamba ambalo babu alilima na baba akarithi, kwenye karatasi halikuwepo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaturuhusu kuwa na hati miliki ya kimila, inayotolewa na Halmashauri ya Kijiji. Kazi yake ina hatua: kijiji kiwe na cheti chake, mipaka ihakikiwe, mashamba yapimwe, na iwepo masjala ya ardhi ya kijiji. Kila hatua ina gharama, na hapo ndipo vijiji vyetu vingi hukwama.

Nawaonya pia, kwa sababu hesabu haina upendeleo: hati inaweza kukupa mkopo, na mkopo usiolipika unaweza kukuondoa kwenye shamba. Ndiyo maana sheria inataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mke au mume. Tuandikishe majina yote mawili. Mama aliyechimba ngoro miaka 40 asisomewe mnada wa shamba lake kwa saini asiyoijua.

Ndugu zangu, ombi langu ni kwamba sehemu ya michango ya mwaka huu igharimie upimaji na masjala. Hata asiyetaka kukopa kamwe atabaki na karatasi inayosema shamba ni lake. Wazee wetu walijenga bila benki wala hati. Watoto wetu tuwaachie uwezo wa kuchagua.